Mungu wa bamvua na maji mafu

Kila mara Mto Sabaki unapovunja kingo, haipiti Jumapili ya pili kabla mhubiri mmoja wa huku kwetu hajashika kipaza sauti na kututangazia kwamba Mungu amekasirika. Niliyasikia mahubiri hayo mwaka 2018, mvua za masika zilipowatoa maelfu ya watu majumbani mwao Magarini na Malindi. Nikayasikia tena Novemba 2023, mvua za El Niño ziliposhukia ardhi iliyokuwa imekosa misimu mitano ya mvua mfululizo. Na wakati wa ukame wenyewe, mifugo ilipokuwa ikifa Ganze, nilisikia yayo hayo. Mvua isiponyesha amekasirika, ikinyesha amekasirika. Mkristo anayekaa kwenye benchi la kanisa miaka kumi hapa Pwani anaweza kuondoka akiamini kwamba Muumba wa mbingu na nchi hana kazi nyingine na maji isipokuwa kutuchapa nayo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na ni msomaji katika kanisa la Anglikana, upande wa kaskazini wa Malindi. Kazi hizo mbili nimezifanya pamoja tangu ujana na sijaziona zikigombana. Naandika kwa sababu naamini kanisa letu la Pwani limepoteza kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho hata kabla ya kubatizwa, nacho ni mshangao mbele ya kazi ya Mungu. Na kwa kuupoteza, tumekuwa wepesi wa kueleza misiba ya wenzetu, na wepesi wa kudanganywa.

Nianze na bahari, maana tunaiona kila siku na kuihubiri mara chache. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, pwani yetu hupata bamvua. Maji hukupwa hadi mwamba ukabaki wazi, watu wakatembea kwa miguu mahali ambapo jioni mashua itapita; kisha hujaa hadi kwenye mashina ya minazi. Kwenye bamvua kubwa, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye huja maji mafu, bahari haiendi mbali wala haiji karibu, na wavuvi wa mwambani hukaa chini ya mti kushona nyavu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao huchelewa. Na kuna jambo ambalo mvuvi wa Mayungu atakuambia bila kutazama saa: siku za bamvua maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Ilikuwa hivyo Gede ilipokuwa mji wenye watu na misikiti. Itakuwa hivyo mwezi ujao.

Mama karanga wa pale Mayungu, anayekaanga pweza na kuwauza, hununua mafuta na kuni zake kwa kuhesabu usiku wa mwezi, kwa sababu pweza huja kwa wingi wakati wa bamvua. Hana haja ya kujua kwamba mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Lakini mizani ya biashara yake imetundikwa huko juu, na haijawahi kumdanganya. Karo ya watoto wake imetoka humo. Nikimsikia mhubiri akisema kwamba Mungu ataonekana Ijumaa usiku kwenye mkesha, kiwanja fulani, mimi humfikiria mama huyo, aliyemwona Mungu akitimiza ahadi mara mbili kila mwezi tangu alipokuwa binti.

Nina jirani mvuvi, Mwislamu, mtu mzima kuliko mimi, ambaye huniita Mwalimu nami humwita Ami. Siku moja tulitoka naye hadi ukingo wa mwamba, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Nilikuwa nikichungulia kila shimo. Akanishika mkono.

"Mwalimu, usitazame shimo. Tazama mlangoni."

Mlangoni palikuwa na vipande vya magamba ya kaa, kombe mbili tupu, na vijiwe vilivyopangwa kuziba nusu ya tundu. Pweza hula ndani na kutupa taka nje, kisha hujivutia mawe ajifungie. Tuliinama. Taratibu nikaliona jicho, na ngozi iliyokuwa ya kijivu cha jiwe ikageuka kahawia mbele ya macho yangu, ikatoka vinundu vidogo, ikawa na sura ya mwani uliokuwa kando yake. Ami amewinda pweza tangu utotoni. Alikaa kimya, halafu akasema, "Subhanallah," kwa sauti ya mtu anayeona jambo kwa mara ya kwanza. Kisha akamtoa kwa chuma chake, akampigapiga juu ya jiwe, akamtia kikapuni. Alikuwa na watu wa kulisha.

Nimekitafakari kitendo hicho mara nyingi. Mshangao wa Ami haukutokana na kutojua. Anamjua pweza kuliko mtu yeyote niliyekutana naye. Ndivyo ninavyowasoma wale wanafunzi katika sura ya nne ya Injili ya Marko, usiku wa dhoruba ziwani Galilaya. Kadhaa wao walikuwa wavuvi wa ziwa lile lile. Dhoruba ilipowashika waliogopa, na hofu hiyo ikawafanya wamlaumu Yesu kwa kulala. Upepo ulipotulia waliogopa zaidi, ila hofu ya pili haikuzaa lawama, ilizaa swali: wakaulizana huyu ni nani. Msafiri aliyepanda mashua kwa mara ya kwanza angedhani upepo umekoma wenyewe. Mvuvi ndiye aliyejua kwamba upepo wa namna ile haukomi hivyo. Anayekijua kitu ndiye anayeweza kukistaajabia kwa kina, na ndiyo sababu sijawahi kuwaelewa wachungaji wanaowatisha vijana na sayansi.

Juu ya mwamba pale Malindi kuna nguzo ya Vasco da Gama, yenye msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Watalii hupigwa picha hapo na waongozaji huwaeleza habari za ushujaa. Mimi nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu hapo kuwafundisha upepo. Tarehe 24 Aprili 1498 meli zake ziliondoka Malindi, zikiwa na rubani aliyepatikana hapa hapa na kusi ikianza kuvuma, zikafika Calicut baada ya siku 26. Kurudi, nahodha huyo hakuingoja kaskazi ianze. Alivuka bahari ile ile kwa muda wa karibu miezi mitatu, watu kama 30 wakafa kwa ugonjwa wa fizi, na walipoingia Malindi Januari 1499 mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Moja ikabidi iteketezwe. Bahari haikumjua mfalme wa Ureno. Wazee wa Malindi wangeweza kumwambia hayo bila malipo, maana wao waliupangia upepo safari zao, hawakuupangia upepo amri.

Sasa nije kwa Rabai, ambayo watu husahau kwamba imo katika kaunti yetu ya Kilifi. Mwaka 1846 Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianza kazi ya umisheni pale, miaka miwili baada ya Krapf kumzika mkewe na mtoto wake Mombasa. Ni kutoka Rabai Rebmann alikotoka kwa miguu kwenda nchi ya Wachaga, na asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 akaona kitu cheupe juu ya mlima. Alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akajibu tu kwamba ile ni baridi. Rebmann, aliyekulia Ujerumani, akatambua kwamba anaangalia theluji, digrii tatu kutoka ikweta. Aliandika katika shajara yake kwamba aliketi, akafungua Zaburi aliyokuwa ameifikia katika usomaji wake wa kila siku, nayo ilikuwa ya 111, ile inayosifu matendo makuu ya Bwana na kuwataka watu wayatafute.

Taarifa yake ilipofika London, mtaalamu mmoja wa ramani, Desborough Cooley, aliikataa. Alikuwa hajawahi kukanyaga huku. Kwake theluji kwenye ikweta haikuwezekana, basi mmisionari aliota. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla Karl Klaus von der Decken hajaupanda mlima kwa sehemu na kuithibitisha taarifa hiyo. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie kidogo. Bwana yule wa London alikuwa na vitabu vyote, akakosa macho. Mmisionari alikuwa na macho, na alikuwa na unyenyekevu wa kumwuliza mwenyeji aliyempeleka, ambaye naye aliijua theluji kwa mikono yake au kwa masimulizi ya waliowahi kuigusa. Wote wawili, Mjerumani na kiongozi wake, walikuwa wamesimama mbele ya jambo moja, na hakuna kati yao aliyedai kujua kwa nini Mungu ameliweka pale. Rebmann aliishi Rabai karibu miaka 29. Alipoondoka 1875 alikuwa kipofu. Nikiingia katika lile kanisa kuukuu la Rabai huwa nakumbuka kwamba mtu aliyeona kile ambacho Ulaya ilikataa kukiamini alimaliza miaka yake hapa akiwa haoni hata mlango wa nyumba yake, na hakuna maandishi yoyote niliyosoma yanayoonyesha kwamba aliita hali hiyo adhabu.

Mshangao mwingine ulitoka Ngomeni, na huu ulitokea katika uhai wa wengi wetu. Mjomba wangu alikuwa kibarua wa boti kwenye kituo cha Waitaliano, akipeleka vyakula na vyuma hadi kwenye majukwaa ya San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa hilo ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani. Mwanamke aliyesimamia mradi, Marjorie Townsend, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea. Walikuja Ngomeni kwa sababu karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi zaidi, na roketi hupata msukumo wa bure.

Setilaiti ile ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuitazama mbingu kwa miale ya eksirei, ambayo hewa yetu huizuia isifike chini. Iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo. Kimoja, kiitwacho Cygnus X-1, kilimetameta kwa kasi ya ajabu, mara nyingi ndani ya sekunde moja, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba pale pana shimo jeusi, nyota iliyojiangukia hadi nuru yenyewe isiweze kutoka. Yaani jambo ambalo hakuna nabii wala mfalme aliyewahi kuliona lilianza kuonekana kutoka kwenye maji ambayo wavuvi wa Ngomeni hutega kamba. Mjomba alikuwa mzee wa kanisa. Alisema aliyoyaona yeye ni moto na moshi tu, lakini alipoelezwa kilichopatikana, alivua kofia. Na mimi nauliza: ni Jumapili gani, katika kanisa gani la Malindi au Mambrui, jambo hili limewahi kutajwa katika sala ya shukrani?

Ayubu alipopoteza kila kitu, rafiki zake walikuja na maelezo. Walisema kwa ufasaha, kila mmoja kwa zamu, kwamba lazima kuna dhambi mahali. Mungu aliposema hatimaye, hakumpa Ayubu maelezo yoyote. Alimtembeza. Alimwonyesha mipaka ya bahari, ghala za theluji, makundi ya nyota, mbuzi wa milimani wanavyozaa, mbuni, tai. Na mwisho wa kitabu hasira ya Mungu haikumwangukia mtu aliyeuliza na kulia. Iliwaangukia waliokuwa na majibu. Wahubiri wetu wa mafuriko wanakisoma kitabu hicho mazishini. Wanawaiga wale rafiki.

Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, na usiku wake mwezi ungekuwa mpevu. Alfajiri, kabla jogoo hawajawika kwetu, chini ya bahari karibu na Sumatra ardhi ilipasuka. Mawimbi yalisafiri Bahari ya Hindi nzima na kufika pwani yetu adhuhuri. Watu waliokuwa ufuoni Malindi na Watamu waliona maji yakienda na kurudi kwa mkupuo, yakigeuka mara kwa mara, na mashua zikigonganishwa. Kwingine polisi walikuwa tayari wamewaondoa watu ufuoni, kwa sababu habari zilishafika kwa televisheni. Kenya ilimpoteza mtu mmoja. Somalia walikufa karibu 300. Bahari yote iliua watu kiasi cha 230,000.

Mtu anayejua bamvua ataona mara moja kilichotuokoa kwa sehemu. Siku hiyo ya mwezi mpevu, maji yalikuwa yamekupwa saa nne asubuhi, na mawimbi yalipofika bahari ilikuwa bado haijajaa. Yangechelewa hadi saa kumi, yangekuta bahari imejaa hadi kwenye minazi, na mwamba, ambao ndio boma letu, ukiwa chini kabisa ya maji. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na ninamshukuru hadi leo. Lakini wiki iliyofuata nilimsikia mhubiri akisema kwamba Mungu aliilinda Kenya kwa sababu ya watu wake wanaoomba, na akaipiga Aceh, kule Sumatra, kwa sababu ya dini yao. Nilitoka nje. Kule Aceh kulikuwa na mama karanga pia. Yesu mwenyewe, alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Shukrani inayomdharau maiti wa jirani si shukrani. Naweza kustaajabu kwamba saa ilikuwa ile na si nyingine, nikapiga magoti, na nikafunga kinywa changu kuhusu Aceh. Huko ndiko kumcha Mungu ninakokujua.

Sasa Sabaki. Wanaohubiri kwamba mafuriko yametokana na dhambi nataka niwajibu kwa uzito, kwa kuwa upande mmoja wanakaribia ukweli.

Mto huu huanzia juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi, hupokea maji ya Mto Nairobi na uchafu wake, hupita Ukambani, huungana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha huingia baharini kaskazini ya mji wetu. Maji yake ni mekundu kwa udongo. Kaskazi ikivuma, wekundu huo husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi na matumbawe ya hifadhi ya baharini, iliyotengwa mwaka 1968. Kusi ikivuma, huelekea Mambrui. Wageni hulalamika kwamba bahari yetu si ya buluu kama kwenye picha. Mchanga wa mto umeusogeza ufuo wa mji hadi jeti ya zamani ikabaki na maji haba chini yake.

Ndani ya hifadhi ile kulikuwa na tumbawe moja kubwa lililoanza kukua miaka 300 iliyopita. Tumbawe hujenga tabaka moja kila mwaka, na katika kila tabaka hufungia chembe za kile kilichokuwamo majini mwaka huo. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha walichosoma humo baada ya kutoboa na kupima. Kwa miaka mingi sana udongo ulikuwa kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaanza kupanda, na haukurudi chini tena. Huo ndio wakati serikali ya kikoloni ilipochukua ardhi, watu wakasongamana kwenye maeneo waliyotengewa, miteremko ikalimwa na misitu ikafyekwa. Kiumbe kisichokuwa na jicho, kilichokaa chini ya maji ya Malindi bila kwenda popote, kilikuwa kikiandika kila mwaka yaliyokuwa yakifanyika Machakos.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilisoma tena kwa sauti, nikiwa peke yangu mezani. Sijui mahubiri ya toba yaliyo makali kuliko hayo. Mungu ameweka karani baharini. Basi mhubiri akitaka dhambi ya mafuriko, na aitafute humo: miti iliyokatwa kingoni mwa mto, mchanga unaozolewa kwa malori, makaa yanayotoka Dakatcha na Magarini kwa magunia na kuuzwa barabarani, nyumba ambazo tumeacha maskini wazijenge kwenye bonde la mto kwa kuwa pengine hakuna nafasi yao. Asiitafute kwenye sketi za wasichana. Joto la bahari lililoua matumbawe yetu mengi mwaka 1998, na kuyaunguza tena 2016, halikutoka Malindi peke yake wala halikuletwa na mchawi. Dhambi nyingine zina anwani, na zile ambazo anwani yake ni ofisi na kiwanda wahubiri wengi huziogopa.

Nina neno moja zaidi, na ni zito kuliko yote. Aprili 2023, wakati ukame ulipokuwa ukiisha, ardhi ya Shakahola, katika kaunti yetu, ilianza kufukuliwa, na kabla ya kazi kumalizika miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilikuwa imetolewa. Kesi iko mahakamani, nayo itahukumiwa na wenye kuhukumu. Ninachotaka kusema kinatuhusu sisi tuliobaki. Watu wale waliambiwa waache shule, waache hospitali, hatimaye waache chakula, kwa kuwa dunia hii imekwisha na haina la Mungu ndani yake. Mafundisho ya namna hiyo hayaoti mahali ambapo watu wamefundishwa kuona mkono wa Mungu katika muhogo, katika maziwa ya mama, katika maji yanayojaa saa kumi. Kwa miaka tuliwafundisha waumini kuudharau ulimwengu alioumba Mungu na kuuona mzuri. Tuliwafundisha kungoja ishara na kuogopa ghadhabu. Halafu tukashangaa alipokuja mtu akaidai ghadhabu hiyo kwa jina lake.

Hapa kwetu wapo wanaofanya vingine. Watamu kuna shirika la Kikristo, A Rocha Kenya, ambalo kwa miaka mingi limewalipia karo watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, fedha kwa sehemu zikitoka kwa wageni wanaokuja kuuona msitu, ili familia zao ziwe na sababu ya kuuacha usimame. Watu wao huhesabu ndege pale Mida. Vitwitwi wanaokuja kule wakati wa kaskazi wamezaliwa Siberia, kaskazini mwa Urusi, karibu na barafu. Baadhi yao hawajafikisha mwaka, na hufika mikokoni kwetu bila nahodha. Kuhesabu vitwitwi kwa uangalifu, kwa sababu ni wa Mungu, mimi naiita ibada. Wazee wa kaya nao walijua jambo hilo kwa njia yao: misitu ya kaya za Mijikenda, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008, imesimama kwa sababu watu walikataa kuingia na shoka mahali pa kuombea mvua. Tuliwahi kuwaita washenzi, sisi Wakristo, na leo mashamba ya makanisa yetu mengi hayana kivuli cha mtu kuketi.

Nawaomba maaskofu na wachungaji wa Malindi, Magarini na Kilifi jambo dogo. Mvua zijazo zikileta msiba, Jumapili ya kwanza msihubiri sababu. Pelekeni magodoro na unga, pelekeni dawa za kutibu maji, kaeni na watu. Jumapili ya pili someni Ayubu kuanzia sura ya 38, taratibu, kisha mwiteni mzee anayejua mto awaeleze watu ulivyokuwa ukipita zamani na kwa nini umehama. Na katika mwaka wa kanisa, baina ya harambee na mikutano, tengeni siku ya kuwatoa watu nje.

Sisi tumeanza na watoto. Bamvua ya mwezi mpevu ya Januari, shule ya Jumapili yetu itakwenda Mayungu, na nimemwomba mwalimu wa madrasa ya jirani aje na watoto wake; amekubali, na Ami atatuongoza. Tutakuwa ufuoni saa tatu, maji yakiwa bado yanakupwa, ili saa nne tuwe ukingoni mwa mwamba, na saa tano tuwe tumeanza kurudi, maana maji hayatamngoja mtoto wa mtu. Kila mzazi amvalishe mtoto viatu vya kukanyagia mwamba, kwa ajili ya urumba na mawe makali. Aje na kofia na chupa ya maji ya kunywa. Hatutavunja tumbawe wala kuokota kombe. Mama karanga atatukaangia pweza kwa bei ya kawaida.